Mchezo wa Dakika Moja

Nina kigugumizi tangu nilipojua kuongea. Mama husema neno langu la kwanza lilikuwa "maji", na kwamba lilichukua asubuhi nzima kutoka. Anatia chumvi, lakini mpaka leo M hunisumbua, K pia, na T nikiwa nimechoka. Ninaishi Makongeni, Thika, na kazi yangu ni kupima mahindi katika maabara ya kiwanda cha chakula cha mifugo. Napima unyevu, natafuta sumu ya kuvu, naandika majibu. Ni kazi inayomfaa mtu kama mimi, kwa sababu mahindi hayana haraka ya kujibiwa.

Kwa miaka mitatu, kila Jumapili baada ya kanisa, nimekuwa nikienda mtaa wa Ngoingwa kucheza na marafiki zangu watatu. Si karata wala bao. Ni mchezo wa kusimulia. Mnaketi mezani, mmoja wenu anakuwa msimulizi anayeeleza mahali mlipo na yanayowapata, na kila mmoja wa wale wengine ana mhusika wake anayemsemea na kumwamulia. Jambo likiwa la mashaka, mnatupa dadu na dadu inaamua. Hadithi ya Jumapili hii inaendelea Jumapili ijayo, na hakuna ajuaye itaishia wapi.

Msimulizi wetu ni mwalimu wa hesabu wa shule ya upili, mtu mpole mwenye sauti ya kuleta usingizi. Mke wake ni mfamasia, na yeye hana upole wa aina hiyo. Akiwa na hoja huigonga mezani kwa kidole mpaka ikubalike. Wa tatu ni rafiki yangu wa zamani tuliyesoma naye kidato cha kwanza hadi cha nne. Huchora ramani za nyumba. Familia yao ni Masikh wenye asili ya India, waliokaa Thika tangu siku za babu yake, na yeye huongea Kikuyu vizuri kuliko mimi niliyezaliwa nacho. Ndiye aliyenileta kwenye mchezo.

Aliponialika mara ya kwanza nilimcheka. "Mchezo wa kuongea? Mimi?"

"Utakuja usikilize," alisema. "Kuna chai."

Jumapili ya kwanza nilisikiliza. Ya pili mwalimu alinipa karatasi ya mhusika bila kuuliza, na nilipoisoma nilitaka kuirudisha. Mhusika wangu alikuwa mama mfanyabiashara wa chumvi, anayetembea na msafara, na silaha yake pekee ilikuwa ulimi. Wanyang'anyi wakisimamisha msafara, yeye ndiye hutoka mbele kuzungumza nao. Nilisema sitaweza. Mwalimu alisema tujaribu siku moja. Siku hiyo nilizungumza na mkuu wa wanyang'anyi kwa muda ambao sikuupima, nikikwama, nikirudi, nikikwama tena, na mwisho wake akatuachia njia na kutupa mbuzi wawili. Tangu hapo yule mama ni wangu. Nadhani hakuna mtu nimemsemea maneno mengi kama yeye, hata mimi mwenyewe.

Mwaka jana rafiki yangu alihamia Ruiru kwa sababu ya kazi. Alipata nyumba ghorofa ya nne, upande unaotazama barabara kuu, na jambo la kwanza alilotuambia ni kwamba ana meza kubwa. La pili ni kwamba ameagiza mchezo mpya. Binamu yake alikuwa akirudi kutoka ng'ambo na angeuleta kwenye sanduku lake. Kwa wiki kadhaa hatukusikia lingine. Kila ujumbe wake ulikuwa wa mchezo huo: umefika, ameufungua, karatasi yake ni nzito, ramani zake zimechorwa kwa mkono. Safari hii yeye ndiye angekuwa msimulizi, ili mwalimu naye acheze kama sisi. Mwalimu alifurahi. Miaka mitatu alikuwa amesimulia tu, hajawahi kuwa na mhusika wake.

Tukaenda Jumamosi moja, saa nane mchana, kwa gari la mwalimu. Nyumba ilinukia bhajia kabla hatujafungua mlango. Rafiki yangu alikuwa amevaa aproni, amekatakata viazi vyembamba kama karatasi, na jikoni mitungi ya maji ilikuwa imepangwa mstari kwa sababu mfereji ulikuwa umekauka tangu Alhamisi. Mezani kulikuwa na lile sanduku. Aliifuta meza mara mbili mbele yetu, ingawa ilikuwa safi.

Mchezo wenyewe ulihusu gari moshi lililopoteza breki. Linashuka mlima, kila mchezaji ana behewa lake, na mna stesheni saba za kulisimamisha kabla halijafika mwisho wa reli. Mimi nilipewa behewa la abiria. Mke wa mwalimu alipata injini, mwalimu akapata behewa la mizigo. Rafiki yangu alitueleza sheria huku macho yakimng'aa, na ya mwisho aliieleza akiwa ameficha kitu kiganjani.

"Na hiki ndicho roho ya mchezo," alisema, akakiweka katikati ya meza.

Kilikuwa kichupa cha kioo kilichobanwa kiunoni, chenye mchanga mwekundu ndani. Unakigeuza, mchanga unashuka. Dakika moja. Zamu yako ikifika, lazima useme unalofanya na uwaambie watu wako la kufanya kabla mchanga haujaisha. Ukiisha hujamaliza, zamu imeliwa na behewa lako linapata hasara. Wenzako hawaruhusiwi kukusaidia kwa neno lolote.

Niliitazama ile chupa. Mke wa mwalimu alikuwa tayari anauliza kama anaweza kuanza.

Alianza, na ningesema uwongo nikikataa kwamba alikuwa hodari. Alisimama. Alimwamuru fundi wa makaa, akamfokea msaidizi wake, akatupa dadu, akapata namba nzuri, akamaliza mchanga ukiwa bado nusu. Mwalimu alimfuata, akajikanyaga kidogo, akacheka, akamaliza mchanga ukidondoka wa mwisho. Wote wawili walikuwa wanapumua kama waliokimbia kweli.

Kisha rafiki yangu akaigeuza chupa mbele yangu.

Nilikuwa najua la kusema. Abiria wahamie behewa la nyuma, watoto kwanza. Neno "abiria" lilitoka vizuri. Nikafika kwenye "mhamie", na M ikafunga mlango. Asiyewahi kukwama kwa neno huenda haelewi. Neno unalijua, unaliona, liko mdomoni limekaa, na midomo yako miwili imeshikana kama iliyotiwa gundi. Kwa kawaida mimi hungoja. Huitoa ile pumzi, naanza upya, linatoka. Lakini siku hiyo nilikuwa natazama mchanga, na kadiri nilivyoutazama ndivyo midomo ilivyozidi kushikana.

"Muda umeisha," alisema rafiki yangu, kwa sauti ya chini. Akaandika hasara kwenye behewa langu.

Zamu ya pili nilitumia ujanja wa utotoni. Sisi wenye kigugumizi tunaujua wote: ukiona neno gumu linakuja, unalikwepa, unachukua jirani yake. Nilitaka kusema "mshike kamba", M na K zikiwa zimesimama mlangoni, basi nikasema "ruka". Nikawaambia abiria waruke. Dadu ikatupwa kwa neno nililolitamka, si kwa nililokusudia, na abiria kumi na mmoja wakaruka kutoka gari linalokimbia. Mke wa mwalimu alicheka, akidhani nimefanya kusudi, kisha akanitazama usoni na kicheko kikakatika.

Zamu ya tatu ilipofika, rafiki yangu alieleza kwamba mzee mmoja kwenye behewa langu ameketi juu ya lever, ule mkono wa chuma wa kuvutwa wakati wa dharura, na hataki kuondoka. Nitamwambia nini? Akageuza chupa.

Nikasema, "Sijui."

Kwa neno hilo sikwami kamwe. Nililizoea darasa la nne, wakati mwalimu wa somo la sayansi alipokuwa akituuliza maswali kwa mpangilio wa madawati. Jibu nililijua karibu kila siku. Nilisimama, nikasema sijui, nikaketi, na ilikuwa afadhali kuonekana mjinga kuliko darasa zima kugeuka kunitazama mdomo. Nilisema sijui mpaka darasa la nane. Nilikuwa nimefikiri limekufa. Nikalisikia likitoka mdomoni mwangu nikiwa mtu mzima, katika nyumba ya rafiki yangu, mchanga haujafika hata robo.

Niliinuka, nikasema naenda kupata hewa, nikatoka kwenye roshani.

Chini magari yalikuwa yakipita, na upande wa pili wa barabara mafundi walikuwa wakipandisha matofali kwenye jengo jipya. Nilikuwa na hasira, na sikuwa na wa kumkasirikia. Baada ya muda mlango ulifunguka nyuma yangu. Alikuwa yeye, bado na aproni.

"Nimeharibu," alisema.

Akaja kusimama kando yangu.

"Zile sheria nimezisoma mara tatu. Nimecheza peke yangu mara mbili, nikijipima na ile chupa. Na hakuna siku niliwaza kuhusu wewe."

"Uliwezaje?" niliuliza, na hilo nalo lilichukua muda. "Umenijua tangu kidato cha kwanza. Uliwezaje kusahau?"

Alifikiri. Si mtu wa kujibu haraka, na hilo nalipenda kwake. "Sijui kama nilisahau," alisema. "Nikikufikiria kwenye meza, namwona yule mama wa chumvi akibishana na watu mpaka wanachoka. Ndiye nilikuwa namtakia hilo behewa la abiria. Nilisema, huyu atawaongoza watu wote wale. Wengine niliwagawia yaliyobaki."

Nilimtazama nione kama alikuwa ananifariji. Hakuwa ananifariji. Alikuwa amekunja uso kama mtu anayetafuta kosa kwenye mchoro wake. Hasira yangu ilibaki, lakini ilikosa mahali pa kukaa.

Tuliporudi ndani, mwalimu alikuwa ameificha chupa nyuma ya sahani ya bhajia. Rafiki yangu alisema tucheze bila mchanga. Tukajaribu. Nusu saa nzima tulijaribu, na huo mchezo, nasema kwa haki, ulikufa mikononi mwetu. Gari moshi lisilo na haraka halitishi mtu. Tulikaa tukijadiliana kwa utaratibu kama kamati ya maji, mzee wangu akashuka kwenye lever baada ya kuombwa vizuri, na mwalimu akapiga miayo akiwa kwenye behewa linaloelekea kifo. Rafiki yangu aliendelea kusoma kadi zake kwa sauti iliyozidi kushuka. Nilimhurumia. Alikuwa amelisubiri sanduku lile kama mtu anayesubiri mgeni wa mbali.

Mke wa mwalimu ndiye aliyesema ukweli. Aligonga meza kwa kidole.

"Mimi nilikuwa nimeupenda," alisema. "Na ule mchanga. Niseme tu. Sitaki kuucheza kama wewe hufurahii, lakini nisiposema nitakuwa nadanganya."

Mumewe alimtazama kumwonya. Mimi nilishukuru. Huruma ingenichosha zaidi.

"Basi malizieni nyinyi watatu," niliwaambia. "Na mchanga. Mimi nitakaanga hizo bhajia zilizobaki, maana huyu anaziunguza."

Walikataa kwanza, kwa adabu. Nikachukua aproni kwa nguvu.

Kwa hivyo nusu ya pili ya mchezo niliisikia nikiwa jikoni, mafuta yakitoa sauti, mlango wazi. Rafiki yangu alipata sauti yake tena. Niliwasikia wakikatizana, wakipiga kelele, mwalimu mpole akimfokea mkewe aongeze makaa, mkewe akimjibu kwamba makaa si dawa ya kila kitu. Kila mmoja alikuwa akisema haraka, akimpanda mwenzake mgongoni kwa maneno. Nikagundua kwamba sijawahi kuwasikia wakiongea hivyo.

Nilisimama na kijiko chenye matundu mkononi nikiwaza. Ngoingwa hawaongei hivyo. Ngoingwa, yule mama wa chumvi akianza kuzungumza, mwalimu huweka penseli chini. Mke wake, ambaye hawezi kumngoja mtu amalize kuagiza dawa ya kikohozi, huchukua kikombe chake na kukishika kwa mikono miwili, wala hanywi. Rafiki yangu hutazama ramani, si mdomo wangu. Hakuna anayenimalizia neno. Hakuna anayesema "pole pole" au "vuta pumzi", maneno ambayo nimeambiwa na kila mtu mwema tangu nizaliwe. Wananingoja tu. Jumapili baada ya Jumapili, kwa miaka mitatu, watu watatu walikuwa wamenipa muda wao, na nilikuwa nimeuchukua bila kuuona. Nilidhani nimekuwa hodari. Labda nilikuwa nimekuwa hodari kweli, lakini si peke yangu.

Bhajia za sufuria ile ziliungua kidogo. Nilizipeleka hivyo hivyo.

Gari moshi lilianguka kwenye stesheni ya sita. Walikuwa wamelowa jasho na wamefurahi, na mke wa mwalimu alidai ni kosa la behewa la mizigo. Tulikula zile bhajia na pilipili ya mama yake rafiki yangu, tukanywa chai, na jua lilipoanza kushuka tukaagana. Alipotusindikiza hadi kwenye gari alikuwa bado na uso wa mtu aliyeangusha kitu. Nilitaka kumwambia lile nililoliona jikoni. Nilimshika mkono badala yake, nikasema bhajia zilikuwa nzuri, jambo lililokuwa kweli kwa zile zake.

Njiani mke wa mwalimu aligeuka kutoka kiti cha mbele. "Ulikasirika?"

"Nilikasirika."

"Na mimi?"

"Hapana. Wewe ulisema ukweli."

Alifikiri kidogo. "Ningesema ukweli mapema," alisema. "Uliposema sijui, nilijua si wewe. Nikanyamaza kwa sababu sheria inasema tusikusaidie. Sheria ya mchezo. Hebu fikiria." Akageuka mbele, na hatukuliongelea tena mpaka Thika.

Jumanne ya wiki iliyofuata, wakati wa chakula cha mchana, nilifanya jambo ambalo sikuwa nimewahi kulifanya. Mimi huandika ujumbe. Siku zote. Siku hiyo niliketi kwenye gunia tupu nyuma ya maabara, nikabonyeza kile kitufe cha sauti, nikamwambia rafiki yangu nilichokigundua jikoni kwake. Ulikuwa ujumbe wa dakika nne na nusu, na sehemu kubwa yake ni mimi nikingoja M. Sikuufuta. Alijibu jioni: "Nimeusikiliza wote. Nitauweka." Baadaye kidogo akaongeza, "Na ule mchezo nimewapa binamu zangu. Wanapiga kelele kama wazimu."

Sijageuka kuwa mtu mwingine. Bado kwenye simu watu wasionijua hudhani mtandao umekatika, na hukata. Lakini mwezi uliopita gari la mahindi lililetwa kiwandani likiwa na kuvu, na msimamizi hakuwepo, ikabidi mimi nikawaambie wenyewe kwamba mzigo unarudi. Walikuwa watatu, wamesafiri tangu alfajiri. Zamani ningewapa karatasi ya majibu na kurudi ndani. Safari hii niliwaambia, "Nina kigugumizi. Nitaeleza yote, lakini mnipe muda." Mmoja alipokea simu yake akaondoka. Wawili walibaki, wakaegemea gari, wakasikiliza mpaka mwisho, wakauliza maswali, nikayajibu. Hawakufurahia habari zenyewe, na nani angefurahia. Lakini walizisikia kutoka kwangu.

Jumapili bado twaenda Ngoingwa. Mama wa chumvi sasa yuko katika mji ambao chumvi imepigwa marufuku, na ana kesi ya kujitetea mbele ya mahakimu tisa, kwa hivyo kazi anayo.

Wiki iliyopita rafiki yangu alinipigia simu kutoka Ruiru. Ameona mchezo mwingine, alisema, wa wapishi katika jumba la mfalme, na kabla ya kuagiza anataka kunisomea sheria, zote, nimwambie ninavyoona. Nilikuwa napiga pasi nguo za wiki. Nikaweka simu kwenye spika juu ya meza, nikamwambia aanze. Kilikuwa kitabu kirefu sana, na kusema kweli kilikuwa kinachosha, kwa sababu kila sheria ilikuwa na vifungu na kila kifungu kilikuwa na mfano. Alikuwa akisoma, anarudi nyuma, anajisahihisha, anaeleza alichosahau ukurasa uliopita. Nilimaliza mashati yote, nikaingia kwenye mashuka. Sikumkatiza.